Artemisia: Kutoka Majani hadi Tembe

Leo tunazungumzia artemisia, mmea ambao baadhi yetu huuchemsha kama chai ya malaria.

Yapata miaka 1,600 iliyopita, tabibu Mchina Ge Hong aliandika dawa ya homa: loweka konzi ya majani katika maji, kamua, unywe. Hakutaja kuchemsha. Mwaka wa 1971 mtafiti Tu Youyou, wa Beijing, aliyasoma maandishi hayo. Majaribio yake ya awali hayakuwa ya kuaminika, akahisi huenda joto linaiharibu dawa. Akaitoa bila joto kali, ikafaulu. Mwaka wa 2015 alipata Tuzo ya Nobel. Kutokana na dawa hiyo zikatengenezwa tembe za AL, ambazo Kenya ilizichagua kutibu malaria mwaka wa 2004.

Mama, chai ya nyumbani haina kipimo. Huenda homa ikashuka huku vimelea vimebaki kwenye damu. Nimepokea watoto waliofika wamelegea baada ya siku tatu za chai.

Mtoto akipata homa, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, apimwe damu. Akipewa AL, amalize siku zote tatu, hata akianza kucheza.

Kwaherini, hadi wiki ijayo.