Presha Ilitungoja Mjini

Hapa Landless, Thika, ukiuliza presha inatoka wapi, utaambiwa ni mawazo tu: kodi ya nyumba, karo, mtoto asiyesikia. Basi mawazo yakipungua, mtu anajiona amepona, na vidonge vinasahauliwa kabatini.

Mwaka 1929, daktari C. P. Donnison aliandika katika jarida la Lancet kuhusu kazi yake Kavirondo Kusini, upande wa Kisii. Kwa miaka miwili, wagonjwa kama 1,800 walilazwa hospitalini kwake. Hakukuta hata mmoja mwenye presha ya juu.

Ni rahisi kusoma hivyo na kusema, aah, kumbe huu ni ugonjwa wa Wazungu. Lakini miaka ya 1980, Neil Poulter na wenzake waliwafuatilia Waluo waliotoka vijijini kuja kuishi Nairobi. Matokeo yaliyotoka 1990 yalionyesha presha yao ikipanda ndani ya miezi michache tu. Mkojo wao ulikuwa na sodiamu nyingi na potasiamu kidogo kuliko wa wale waliobaki nyumbani. Watu ni wale wale, ila sahani na maisha vilibadilika.

Ukijua hivyo, hata dawa zinaeleweka. Haidroklorothiazaidi inaifanya figo itoe chumvi na maji zaidi, ndiyo maana shosho akishaimeza asubuhi hataki safari ndefu ya matatu. Amlodipini inalegeza mishipa, damu ipite bila kusukumwa kwa nguvu. Hakuna hata moja inayotibu mawazo. Zinaishikilia presha mradi unazimeza. Ukiacha kwa sababu unajisikia poa, inapanda tena kimya kimya, na wengine huja kuijua siku wamepigwa na kiharusi.

Sisi vijana tunadhani hii ni stori ya wazee. Lakini wengi wetu hapa tulikuja kutafuta kazi, tukaacha viazi vitamu na maharagwe, tukashika chipsi na smoki za barabarani. Tumepita njia ile ile ya wale wa Poulter. Na utafiti wa kitaifa wa 2015 ulikuta zaidi ya nusu ya watu wazima Kenya hawajawahi kupimwa presha. Kupimwa ni dakika chache tu. Ukienda kumchukulia shosho dawa, nyoosha mkono wako pia.