Machela na Mtembea kwa Miguu: Kimya Kimoja katika Devdas ya 1955

Tumezoea hapa kujadili maneno: vina, mizani, ngeli na asili ya misamiati. Leo naomba nafasi nijadili mahali ambapo maneno yaliondolewa kwa makusudi. Ni tukio fupi la filamu, wanawake wawili wanapishana njiani. Nimeishi nalo zaidi ya miaka hamsini, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nililifundisha vibaya.

Filamu ni Devdas, iliyoongozwa na Bimal Roy na kutolewa mwaka 1955. Hadithi yake imetoka katika riwaya ya Kibengali ya Sarat Chandra Chattopadhyay, iliyochapishwa mwaka 1917. Devdas ni mwana wa kabaila. Parvati, aitwaye Paro kwa kifupi, ni binti wa jirani. Wamekua pamoja na kupendana. Utu uzima ulipofika, familia ya Devdas ilikataa ndoa, ikiwaona jirani zao kuwa wa daraja la chini, naye kijana akakosa ujasiri wa kupinga. Alikwenda Calcutta, akaandika barua ya kumkana Paro, kisha akajuta. Majuto yakawa mjukuu: Paro aliozwa kwa mgane tajiri mwenye watoto wakubwa. Ndipo Devdas alipoanza pombe. Huko mjini alipendwa na Chandramukhi, mwanamke aliyeishi kwa kucheza na kuwaburudisha wanaume. Devdas alimdharau, akamtegemea, akamliza. Hata hivyo Chandramukhi aliiacha kazi yake kwa ajili yake.

Hadithi hii haikuwa ngeni kwa Bimal Roy. Mwaka 1936, P.C. Barua alipoitengeneza kwa Kihindi akimtumia mwimbaji K.L. Saigal, mpiga picha alikuwa Roy mwenyewe. Basi alikuwa ameitazama kwa jicho la kamera karibu miaka ishirini kabla ya kuiongoza yeye. Na aliporudi kwayo hakupungukiwa na mafundi wa maneno. Mazungumzo yaliandikwa na Rajinder Singh Bedi, mmoja wa waandishi wakubwa wa hadithi za Kiurdu. Mashairi ya nyimbo yalitungwa na Sahir Ludhianvi. Muziki ulikuwa wa S.D. Burman. Nawakumbusha washairi jambo hili ili tusije tukadhani kwamba kimya kile kilitokana na uhaba. Mtu aliyekuwa na Bedi mezani aliamua kwamba pale pasemwe na ala za muziki peke yake.

Katika riwaya, Paro na Chandramukhi hawakutani. Roy ndiye aliyewakutanisha, na aliwakutanisha barabarani, mashambani. Paro amepanda machela inayobebwa na wanaume mabegani, kama ilivyomstahili mke wa tajiri. Chandramukhi anakwenda kwa miguu, bila mapambo wala vikuku vya kuchezea. Wanatazamana. Hakuna anayemjua mwenzake. Mtazamaji peke yake ndiye ajuaye kwamba macho yale manne yamemlilia mwanamume mmoja. Machela inapita, mtembea kwa miguu anaendelea, na tukio limekwisha.

Mara ya kwanza nililiona mjini Tanga, mwanzoni mwa miaka ya 1970, filamu iliporudishwa kuonyeshwa tena. Nilikwenda na mama na mama mdogo. Wasomaji wa umri wangu watakumbuka jinsi filamu za Kihindi zilivyojaza kumbi za sinema pwani nzima, na jinsi nyimbo zake zilivyowapa mahadhi watunzi wetu wa taarabu. Hazikuwa na tafsiri ya Kiswahili. Palikuwa na watu waliookota Kihindi madukani na mitaani, nao walinong'ona maana kwa majirani zao, ukumbi mzima ukivuma kama mzinga wa nyuki. Tukio lile lilipofika, uvumi ulikoma. Hapakuwa na cha kutafsiri. Mjuzi na asiyejua wakawa sawa.

Mimi nilikuwa mtoto, nikauliza, "Mama, wamesemaje?"

Mama hakugeuza uso. "Wamepokezana," alisema.

Sikuelewa. Nilitazama kama kuna kitu kilichotoka mkono huu kwenda mkono ule, sikukiona.

Miaka ikapita, nikawa mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, na baadaye nikahamishiwa chuo cha ualimu. Filamu zilipopatikana kwa urahisi katika santuri ndogo, nilianza kuwaonyesha walimu tarajali tukio lile katika somo la fasihi, ili waone kwamba ishara nayo ni lugha. Niliandika ubaoni, "Kimya kingi kina mshindo mkuu," kisha nikawauliza mshindo wenyewe ni nini. Jibu langu lilikuwa tayari daftarini: wivu. Niliwafafanulia kwa mfano wa nyumbani. Mwanamke wa pwani hupita mbele ya mke mwenzie akiwa amevaa kanga yenye ujumbe, hafungui kinywa, na mtaa mzima unajua amemtupia nani jiwe. Nikasema macho ya Paro na Chandramukhi ni kanga mbili zinazojibizana.

Mwanafunzi mmoja wa kike alikataa. Aliandika katika karatasi yake kwamba wivu unahitaji kujua, na wale hawajuani. Kwamba yeye alimwona yule wa kwenye machela kama mtu anayetamani kushuka, na yule wa chini kama mtu aliyechoka anayetamani kukaa. Nilimkata alama mbili, nikaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Umetunga."

Ushahidi wake ulikuwa mbele yangu, nami nikaupuuza kwa sababu mfano wangu wa kanga ulikuwa mtamu. Kanga ya kijembe huvaliwa na anayemjua mlengwa wake. Tena nilikuwa nimemsahau mtu wa tatu. Kwingine katika filamu Devdas tunamwona na chupa, na kikohozi, na safari zake za garimoshi zisizo na mwisho. Hapa Roy amemwondoa kabisa. Tukio hili linahusu ulevi, na ndani yake hakuna mlevi wala tone la pombe. Kilichobaki ni athari yake katika nyuso mbili za watu wasiokunywa.

Lugha yetu imeuendea ulevi kwa njia mbili. Neno "mlevi" linamtaja mtendaji peke yake, kana kwamba analewa jangwani. Neno "uraibu" lina historia ya upole zaidi. Wazee walilitumia kwa tambuu, tumbaku na kahawa, vitu vya kujiburudishia ambavyo mtu akivizoea hukosa raha asipovipata. Siku hizi limepewa mzigo mzito wa kutaja maradhi ya utegemezi wa pombe na dawa za kulevya. Nadhani lilichaguliwa vyema, kwa kuwa linataja kile kifungo kati ya mtu na kitu. Lakini nalo pia halina nafasi ya anayempenda mraibu. Ili kumpata huyo, Kiswahili hutudai tuingie katika vitenzi, katika ile kauli ya kutendana: kuchoshana, kusubiriana, kupokezana.

Mwaka 2002 Sanjay Leela Bhansali aliitengeneza tena Devdas, akimtumia Shah Rukh Khan, na wengi wenu mnaijua hiyo zaidi. Humo Paro na Chandramukhi wanaongea, tena wanacheza pamoja mbele ya umati katika sherehe, wamevaa wakapendeza. Wanafunzi wangu waliipenda, na sina ugomvi na uzuri wake. Lakini wanawake wakishapewa maneno na ngoma, wanakuwa mashoga, na mtazamaji anaondoka amefarijika. Roy hakutupa faraja hiyo. Aliwaacha wakiwa sawa, mmoja juu na mmoja chini, bila ya kumwambia mtazamaji nani amependa zaidi. Vyjayanthimala, aliyeigiza kama Chandramukhi, alipotunukiwa tuzo ya Filmfare ya mwigizaji msaidizi, aliikataa, kwa hoja kwamba nafasi yake ilikuwa sawa na ya Paro. Anayelitazama tukio la njiani kwa makini atampa haki.

Sasa nieleze nilivyosahihishwa. Kaka yangu mkubwa alikunywa kwa miaka 23. Mkewe alivumilia miaka 16, akalipa, akaficha, akasingizia homa, kisha akarudi kwao na watoto. Baadaye mama mmoja muuza vitumbua, upande wa pili wa mji, alimpokea kaka na kumtunza mpaka mwisho. Mimi nami nilikuwa na zamu yangu. Nililipa madeni yake mara kadhaa, nikachoka. Mwaka wake wa mwisho nilikuwa nikiliona jina lake kwenye simu, nikaiacha ilie mpaka inyamaze.

Siku ya mazishi nilikuwa uani nikisimamia maji ya kuoshea maiti, nikamwona yule mama amesimama kizingitini, hajui pa kukaa. Shemeji yangu alimtazama kwa muda. Hawakuwa wamewahi kuonana. Kisha alisogea kwenye mkeka, akaacha nafasi ya mtu mmoja. Yule mama akaketi. Hawakusema neno, na sikuona wivu katika uso wowote kati ya nyuso zile mbili. Niliona watu wawili waliobeba mzigo mmoja katika saa tofauti, kila mmoja akiupima uchovu wa mwenzake.

Baadaye tukalinyanyua jeneza, na wanaume wakaanza kupokezana mabegani kama ilivyo desturi: wa mbele anatoka, wa nyuma anaingia, jeneza halisimami. Hapo ndipo neno la mama liliponirudia, na machela ya Paro ikanijia machoni pamoja nalo. Mama hakujua Kihindi, wala hakuwahi kukaa darasa la fasihi. Alikuwa ameona mtu akibebwa kwa zamu na wanaompenda, kwa kuwa mwenyewe hawezi tena kusimama, na alijua kitenzi chake. Nilipoingiza bega langu chini ya jeneza, nilijua pia kwamba kwa mwaka mzima mimi nilikuwa nimejitoa kwenye foleni, na kwamba zamu yangu ilibebwa na muuza vitumbua.

Nimeitazama Devdas tena mwezi uliopita. Mwishoni Devdas anakufa nje ya lango la nyumba ya Paro, na Paro anapokimbia kumfikia, lango linafungwa. Watu wengi hulia hapo. Mimi huwa nimeshalia mapema zaidi, pale njiani.

Yule mwanafunzi wangu sijui yuko shule gani leo. Bila shaka naye ameshawafundisha wengi. Kama anasoma haya, ajue kwamba hakutunga. Zile alama mbili namrudishia.