Namba za Oili Zilizoletwa na Baridi

Model T, gari ambalo Henry Ford alianza kuliuza mwaka 1908, halikuwa na pampu ya oili. Flaiwili ilichota oili ikizunguka na kuirusha juu, kisha oili ikashuka yenyewe hadi kwenye beringi. Kwa hiyo kitabu cha gari hilo kilimtaka mwenyewe atumie oili nyepesi tu, kwa kuwa ndiyo inayofika upesi na kupunguza joto la msuguano. Leo kwenye gereji nyingi za Dar es Salaam na Nairobi bado utaambiwa oili nyepesi ni maji, haiifai nchi ya joto. Ni imani inayoua injini, na historia ya namba zilizoandikwa kwenye galoni inaipinga.

Enzi za Model T kila muuzaji alisema lake. Oili iliyoitwa nzito na mmoja, mwenzake aliiita ya kati. SAE, chama cha wahandisi wa magari cha Marekani kilichoundwa mwaka 1905, kilianza kuweka kanuni mwaka 1911, na mwaka 1926 kikaleta namba tunazozijua: 20, 30, 40 na nyinginezo. Kipimo kilikuwa kifaa cha Saybolt. Oili ilipashwa moto, ikaachwa ichuruzike kwenye tundu dogo, na mpimaji akahesabu sekunde hadi mililita 60 zijae. Iliyochelewa ilipewa namba kubwa. Basi. Ubora haukupimwa hapo, wala nguvu ya kulinda chuma.

Lakini namba ile ilieleza oili ikiwa moto. Asubuhi ya Januari kaskazini mwa Marekani, oili namba 30 ilikuwa nzito mno, stata ikashindwa kuzungusha kranki. Madereva walimwaga oili ya kiangazi na kuweka nyingine; wapo waliochanganya na mafuta ya taa. Mwaka 1933 SAE ikaongeza 10W na 20W, herufi W ikiwa alama ya majira ya baridi. Siku hizi uwezo wa injini kuzunguka kwa oili ya 5W hupimwa kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, na kwa 20W kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri. Hata Makete yenye jalidi haifiki huko.

Kilichounganisha namba hizo mbili ni polima, molekuli ndefu zinazojikunja oili ikipoa na kutanuka ikipata moto, hivyo oili haipungui uzito sana. Katika miaka ya 1950 oili kama 10W-30 zikaenea madukani. Namba ya pili hueleza uzito wa oili kwenye nyuzi 100, na hapa ndipo hoja ya nchi ya joto inapopungua nguvu: injini ikishachemka, thamostati huiweka karibu kwenye joto lile lile, iwe Helsinki au Tanga. Mzigo mzito na milima mirefu ni habari nyingine, maana huko oili hupata moto zaidi.

Baada ya mgogoro wa mafuta wa mwaka 1973, Marekani ilitunga sheria ya matumizi ya mafuta mwaka 1975, na watengenezaji wakageukia oili nyepesi kwa kuwa injini haipotezi nguvu nyingi kuizungusha. Ndipo tulipofikia 0W-20 inayotakiwa na magari mengi ya Kijapani yanayoshushwa Dar es Salaam na Mombasa. Injini hizo zina njia nyembamba za oili, na nyingi hurekebisha muda wa vali kwa msukumo wa oili hiyo hiyo. Ukizimwagia 20W-50, kila asubuhi unaichelewesha oili kufika inakohitajika.

Gari la zamani ambalo kitabu chake kinataja 20W-50 lisibadilishiwe kwa kufuata mkumbo. Na kama kitabu kimepotea au kimeandikwa kwa Kijapani, tazama kifuniko cha kujazia oili. Mara nyingi namba imechapwa hapo.