Unga wa kioo uliosemesha mifupa ya Kilwa

Tangu jarida la Nature lichapishe, Machi 2023, matokeo ya vinasaba vya watu 80 wa kale, ubishi wa Washirazi, wageni wa Kiajemi wanaosimuliwa kuwa waanzilishi wa miji ya pwani, umerudi barazani. Mifupa hiyo ilitoka katika makaburi ya Mtwapa, Manda na Faza pamoja na mji mmoja wa bara upande wa Kenya, na huku kwetu Tanzania, Kilwa, Songo Mnara na Lindi. Wapo walioshangilia kwamba wazee walisema kweli. Wapo walionuna kwamba Mwajemi amepewa tena sifa za kuijenga pwani. Wachache mno wameuliza DNA ilitolewaje kwenye mfupa uliolala karne kadhaa katika ardhi yenye joto na chumvi.

Jibu linaanzia kwenye mwani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Stellan Hjertén wa Uppsala, Sweden, alieleza namna ya kutenga agarosi kutoka kwenye agari, ute wa mwani mwekundu ambao Wajapani wamekuwa wakiula tangu zamani. (Mwani wanaolima akina mama wa Kilwa na Lindi ni wa aina nyingine, huo hutoa karajini.) Agarosi ikichemshwa na kupoa huganda ikawa jeli yenye vitundu visivyoonekana kwa macho. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 maabara za Ulaya na Marekani zilianza kupitisha DNA humo kwa nguvu ya umeme: vipande vifupi hutangulia, virefu huchelewa. Ukitia rangi na kumulika kwa taa ya urujuanimno, kila kundi la vipande hung'aa kama mstari wa rangi ya chungwa, na mtaalamu huukata anaoutaka kwa wembe.

Kuukata ni rahisi, tabu ni kuitoa DNA ndani ya jeli. Wengine waliigandisha kwenye barafu wakaikamua, wengine wakairudishia umeme ndani ya mfuko mwembamba. DNA nyingi ilipotea, na iliyopatikana mara nyingi ilikuwa imechanganyika na mabaki ya jeli. Mwaka 1979 Bert Vogelstein na David Gillespie, Marekani, walikuja na dawa yake: yeyusha jeli kwa chumvi kali ya iodini, kisha tia unga wa kioo. Chumvi ikiwa nyingi, DNA hung'ang'ania kioo na uchafu hubaki kwenye maji. Osha unga huo kwa mchanganyiko wenye spiriti, tia maji yasiyo na chumvi, DNA inaachia yenyewe.

Mwaka 1990 kundi la René Boom, Amsterdam, lilitumia silika, madini yanayounda kioo, na chumvi nyingine kutoa vinasaba kwenye damu na mkojo. Mwaka 1993 Matthias Höss na Svante Pääbo waliihamishia mbinu hiyo kwenye mifupa ya kale. Mwaka 2013 watafiti wa Leipzig waliinoa zaidi ili inase hata vipande vifupi kabisa, na hivyo ndivyo vinavyosalia katika nchi za joto kama yetu.

Sasa turudi Kilwa. Kwa miaka mingi wasomi wameiendesha historia ya mji huu kama kesi ya kutafuta baba. Tarikhi ya Kilwa inasema aliyeanzisha utawala ni Ali bin al-Hassan, aliyetoka Shiraz. Mwanahistoria G.S.P. Freeman-Grenville alikubali kwamba mambo hayo yalitokea karne ya 10. Mwanaakiolojia Neville Chittick, aliyechimba Kilwa Kisiwani miaka ya 1960 na kutoa kitabu chake cha juzuu mbili mwaka 1974, akakataa: kwake Washirazi walifika mwishoni mwa karne ya 12, tena walitokea pwani ya Banadir, si Uajemi moja kwa moja. Mwaka 1984, mwaka aliofariki Chittick, Mtambwe Mkuu kule Pemba ilitoa sarafu za fedha zaidi ya 2,000, zikiwemo za Ali bin al-Hassan, pamoja na dinari za dhahabu za karne ya 11. Hesabu ya Chittick ikavurugika, kwani Ali alionekana kutawala kabla ya karne ya 12. Mwaka huohuo mwanahistoria Thomas Spear aliandika kwamba Ushirazi ni madai ya heshima ya watu wa hapahapa kuliko safari ya majahazi.

Katika zogo lote hilo, mama alisahauliwa. Wazee wa Kilwa hawakumsahau. Katika simulizi ya Kiswahili iliyochapishwa na Mjerumani Carl Velten mwaka 1907, mwenye kisiwa ni Mrimba, naye anakitoa kwa mgeni wa Kiajemi kwa malipo ya nguo za kukizunguka kisiwa chote. Mrimba anahamia bara, akikusudia kurudi kwa miguu maji yakikupwa ili amuue mgeni. Mgeni anasoma Kurani na kutoa sadaka, na maji hayakupwi tena. (Tarikhi ya Kiarabu inasema mkondo ulichimbwa. Mimi naipenda zaidi ya wazee.) Lakini kiini kipo mwishoni: mgeni amemwoa binti wa Mrimba, wanapata mtoto wa kiume, na mtoto huyo anakwenda kwa babu yake mzaa mama kukabidhiwa madaraka. Nguo zilinunua ardhi, utawala ukapitia kwa mama.

Vinasaba vimesema karibu yaleyale. Kwa wengi wa waliopimwa katika miji ya pwani, zaidi ya nusu ya asili yao ni ya Afrika, hasa kupitia wanawake. Katika sehemu ya Asia, asilimia 80 hadi 90 ilitoka kwa wanaume wa Kiajemi, na nyingine India. Kuchanganyika kulianza kufikia mwaka 1000 hivi, na baada ya mwaka 1500 damu ya Uarabuni ikazidi. Anayesoma hapo kwamba Waswahili ni Waajemi amesoma nusu ya ukurasa. Lugha iliyobaki ni ya Kibantu, na si ajabu, kwa kuwa walezi walikuwa akina nani?

Mifupa ya Songo Mnara ilifukuliwa katika uchimbaji ulioongozwa na Jeffrey Fleisher na Stephanie Wynne-Jones kuanzia 2009. Kazi ya vinasaba iliongozwa na maabara ya David Reich, Harvard. Dar es Salaam tuna maabara ya vinasaba kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na tuna sheria ya vinasaba vya binadamu tangu 2009, lakini raia huzisikia zaidi pale panapogombewa mtoto au panapotokea mauaji. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ni urithi wa dunia tangu 1981, na bado jibu kuhusu wazee wake tumelipokea kutoka ng'ambo.

Tena jibu lenyewe ni la upande mmoja. Makaburi mengi yaliyopimwa ni ya wenye nafasi, waliozikwa karibu na misikiti na nyumba za mawe. Waliovua samaki, waliochoma chokaa na kulala katika nyumba za udongo, idadi kubwa ya watu wa Kilwa, bado hawajaulizwa.