Ncha za Sumaku za Dunia Zikigeuka Itakuwaje? Mambo 7 ya Kujua Kabla Uingize Baridi

Kila baada ya muda kuna ile vidio inarudi kwa grupu za WhatsApp: sauti nzito, picha ya dunia ikibiringika, na ujumbe kwamba ncha zinageuka hivi karibuni na sisi wote tunaisha. Auntie anaituma kwa grupu ya familia usiku, asubuhi kila mtu anauliza kama ni ukweli.

Nusu yake ni ukweli. Ncha za sumaku hugeuka, na zishageuka mara mob sana. Ile nusu ya "tunaisha" ndio stori za jaba. Hii hapa rada kamili.

1. Kwani ni nini hasa hugeuka?

Si dunia yenyewe. Jua litaendelea kuchomoza mashariki, Mombasa itabaki na joto yake, na Mlima Kenya hautahama. Kinachogeuka ni uga wa sumaku, ile nguvu haionekani inayozunguka dunia na kufanya sindano ya dira iangalie kaskazini. Ikigeuka, sindano hiyo hiyo itaangalia kusini.

2. Hii sumaku inatoka wapi?

Shuka chini kilomita 2,900, karibu umbali wa Nairobi hadi Johannesburg, ila sasa unaenda ndani ya ardhi. Huko kuna bahari ya chuma iliyoyeyuka. Fikiria sufuria ya uji kwa jiko: wa chini unapanda, wa juu unashuka, haitulii. Hiyo chuma ikichemka huku dunia inazunguka, inatengeneza stima, na stima inatengeneza sumaku. Ni jenereta ya asili, na imepiga kazi mabilioni ya miaka bila tokeni.

Shida ni kwamba kitu inachemka haina adabu. Kuna wakati mizunguko inavurugana, nguvu ya sumaku inashuka sana, na ikijijenga tena inaweza kuangalia upande ule mwingine.

3. Nani alijua, na hakukuwa na mtu wa kuandika?

Mawe ndio yaliandika. Lava ikitoka kwa volkano huwa na chembe ndogo za madini ya chuma. Ikianza kupoa, hizo chembe zinajipanga kufuata sumaku ya wakati huo, halafu zinakwama hivyo. Mwaka wa 1906 Mfaransa Bernard Brunhes alipata miamba ambayo sumaku yake imeangalia nyuma. Mwaka wa 1929 Mjapani Motonori Matuyama akaonyesha kwamba mwelekeo wa hiyo sumaku unaenda na umri wa mwamba. Kumaanisha dunia nzima iligeuka, si jiwe moja limechanganyikiwa.

Wanasayansi wamehesabu mageuzi 183 katika miaka milioni 83 iliyopita. Ratiba hakuna. Enzi za dinosaria kuna wakati sumaku ilikaa karibu miaka milioni 40 bila kugeuka hata mara moja. Mara ya mwisho kabisa ilikuwa kama miaka 780,000 iliyopita.

4. Watu walishawahi kupitia hii kitu? Ndio, na ni hapa kwetu

Hii ndio sehemu ile vidio haitakwambia. Unamjua Turkana Boy, yule kijana ambaye mifupa yake iligunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka wa 1984 pale Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana? Aliishi kama miaka milioni 1.5 iliyopita, na wakati huo sumaku ya dunia ilikuwa imegeuka. Ungempa dira, ingemwonyesha kusini. Na hakuwa na habari. Alikula, alikunywa maji, alikimbizana na maisha yake kama kawaida.

Vuka uende Tanzania, kwa lile bonde la Olduvai. Lava ya pale ilionyesha kwamba katikati ya kile kipindi kirefu cha kugeuka, kati ya karibu miaka milioni 1.95 na 1.77 iliyopita, sumaku ilirudi kuangalia kaskazini kama leo, halafu ikageuka tena. Hicho kipindi kinaitwa Olduvai hadi leo, hata na watafiti wa Ulaya na Marekani. Na mipaka kama hiyo ndio inasaidia kujua umri wa visukuku vya Turkana.

Kwa hivyo jamii ya kina Turkana Boy ilipitia mageuzi si moja, na bado tuko. Ukiangalia visukuku vya dunia nzima, hakuna mpangilio wa viumbe kuisha kila mara sumaku ikigeuka.

5. Utaamka asubuhi upate imegeuka?

Zii. Makadirio mengi ni kati ya miaka 1,000 na 10,000, na kuna utafiti wa 2019 uliosema ile ya mwisho ilichukua karibu miaka 22,000 kumalizika. Katikati hapo sumaku haipotei kabisa. Inakuwa dhaifu na kuchanganyikiwa, unaweza kupata ncha kadhaa zimetawanyika huku na huku.

Wanyama wanaotumia sumaku kusafiri, kama ndege wahamaji na kasa wa baharini, watahitaji kuzoea. Lakini miaka elfu ni vizazi mingi vya kasa.

6. Sasa nani yuko na shida? Ni sisi wa simu na stima

Sumaku ni ngao. Inazuia chembe kali zinazotoka kwa jua. Hata ikidhoofika, kuna ngao ya pili, hewa: hiyo hewa yote iko juu yako ina uzito sawa na maji ya kina cha mita 10. Ndio maana hatutachomeka kama mahindi ya kando ya barabara.

Lakini nyaya na satelaiti ni stori ingine. Machi 1989 dhoruba ya jua iliangusha gridi ya Quebec, Canada. Watu milioni 6 walikaa gizani karibu saa 9. Februari 2022 dhoruba ndogo tu ilifanya satelaiti za Starlink hadi 40 zianguke siku chache baada ya kurushwa. Juu ya Amerika Kusini na Atlantiki ya kusini, mahali sumaku ni dhaifu, darubini ya Hubble husimamisha vipimo vyake ikipita.

Hayo yote yametokea ngao ikiwa bado ina nguvu. Kama miaka 41,000 iliyopita, sumaku ilijaribu kugeuka ikashindwa, na nguvu yake ilishuka hadi chini ya sehemu moja kwa kumi ya leo. Leo sisi wa karibu na ikweta tuko na kinga nzuri kuliko watu wa Canada. Kwa hali kama hiyo ya miaka 41,000, hiyo kinga tungeipoteza. Turkana Boy hakuwa na M-Pesa, hospitali ya kutegemea stima, wala ndege ya kuongozwa na satelaiti. Sisi tuko nazo.

7. Imeanza ama bado?

Sumaku imepungua karibu asilimia 9 kwa miaka 200. Inaonekana noma, lakini bado iko juu ya wastani wa muda mrefu, na huwa inapanda na kushuka bila kugeuka.

Ncha ya kaskazini nayo inatembea. James Clark Ross aliipata kaskazini mwa Canada mwaka wa 1831. Sasa imeelekea Siberia. Kuna miaka ilikimbia zaidi ya kilomita 50 kwa mwaka, siku hizi imepunguza hadi karibu 35. Ndio maana ramani ya sumaku inayotumiwa na simu yako husasishwa kila miaka 5. Hata namba za njia za ndege hufuata dira: JKIA ni 06 na 24, yaani karibu digrii 60 na 240. Uwanja wa Tampa, Marekani, ulilazimika kupaka namba mpya mwaka wa 2011 juu ncha ilikuwa imesonga.

Na kwa wasee wa Mombasa: kibla kwenu ni karibu kaskazini kabisa, kwa hivyo dira ya sindano ingewageuza mwelekee kusini. Jua na nyota hazitabadilika, hizo zitawaelekeza poa.

Auntie akituma ile vidio tena, mwambie vitukuu vya vitukuu vyake ndio labda wataona mwanzo wake. Kwa sasa, kitu ya kuombea ni dhoruba kubwa ya jua isitupate, juu hiyo inaweza kuja mwaka wowote, ncha zigeuke zisigeuke.