Marangu: Mambo ya kujua kabla hujaenda kuona maporomoko ya Kilimanjaro

Watu wengi wakisikia Marangu wanafikiria jambo moja tu: lango la kupandia Mlima Kilimanjaro. Lakini huhitaji kufika kileleni, mita 5,895, ili ufaidi eneo hili. Chini ya lango kuna vijiji vya migomba na kahawa, mito ya maji baridi, maporomoko na njia za miguu ambazo mtu wa kawaida anaweza kuzitembea kwa siku moja.

Kufika

Kutoka Moshi mjini unashika barabara ya Himo, kisha unakata kushoto na kupanda hadi Marangu Mtoni. Safari ni kama kilomita 40. Daladala zipo, na ukishafika Mtoni bodaboda watakupeleka popote. Elewaneni bei kabla hujapanda.

Angalizo: mwishoni mwa Desemba Wachaga wanarudi nyumbani kwa ajili ya Krismasi. Magari yanajaa, nauli zinapaa na vyumba vinakuwa shida. Kama hujapanga mapema, chagua mwezi mwingine.

Maporomoko ya kuanzia

Kinukamori ndiyo yaliyo karibu zaidi na Mtoni, unatembea tu. Hayana urefu wa kutisha, ila yana hadithi. Wenyeji wanasimulia kuhusu binti aitwaye Makinuka, aliyepata mimba kabla ya ndoa, kosa ambalo zamani adhabu yake ilikuwa kifo. Akaenda kwenye maporomoko ajirushe. Alipofika ukingoni moyo ukagoma, akageuka arudi nyumbani. Nyuma yake kasimama chui! Kwa hofu akasahau korongo, akakimbia na kutumbukia. Sanamu ya binti na chui ipo hapo hapo.

Ukitaka mazoezi zaidi, nenda Ndoro au Kilasia. Njia zake zinashuka kwa mteremko mkali, na kupanda kurudi ndiko kunakotoa jasho.

Njia inapita nyumbani kwa watu

Hapa ndipo wageni wengi wanapokosea. Njia za Marangu hazipiti kwenye pori tupu, zinapita kwenye vihamba, yaani mashamba ya ukoo yenye nyumba, migomba, kahawa na mara nyingi makaburi ya wazee. Salimia unapopita, omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na usichume kitu.

Ukiona mmea wenye majani marefu umepandwa kwenye mpaka, huo ni isale. Kwa Wachaga isale ni alama ya mpaka, pia ni jani la amani: mtu akikosea, hulipeleka kuomba msamaha. Usiling'oe kwa ajili ya picha ya mtandaoni.

Utakutana pia na mifongo, mifereji ya asili inayopeleka maji ya mlimani mashambani. Wachaga waliichimba karne nyingi kabla ya mabomba kuja. Usioge wala kutupa taka humo, kuna mtu chini anasubiri maji hayo.

Hatari iko wapi?

Mawe ya kwenye maporomoko yana ukungu, yanateleza kama sabuni. Kandambili uziache kwenye gari, vaa viatu vyenye meno. Usisimame ukingoni kwa ajili ya selfie.

Jambo la pili ni maji yenyewe. Mvua inaweza kunyesha juu msituni wakati wewe chini unaota jua, mto ukajaa ghafla. Ukiona maji yamebadilika rangi au yanakuja na majani na vijiti, toka mara moja, usingoje kukusanya vitu. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, maporomoko yanapendeza sana lakini njia ni matope. Kwa matembezi, Januari na Februari au Juni hadi Oktoba ni afadhali. Juni na Julai beba sweta, baridi ya huko siyo mchezo.

Chukua kijana wa kijijini akuongoze. Anajua jiwe lipi linateleza, na hela yako inabaki pale pale kijijini. Biashara hiyo ina historia ndefu: Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kileleni mwaka 1889, Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu anatajwa kuwa miongoni mwa waliowaongoza.

Ukibaki na muda

Tembelea mapango ambayo Wachaga walichimba kujificha na mifugo yao wakati wa vita. Kula mtori. Mbege, pombe ya ndizi na ulezi, onja ukishamaliza kutembea, siyo kabla.

Mwenye pumzi anaweza kuingia hifadhini na kwenda hadi kibanda cha Mandara, takriban mita 2,700, na kurudi siku hiyo hiyo. Hapo utalipa kiingilio cha hifadhi na lazima uwe na mwongozaji, hivyo anza asubuhi mapema.

Mwisho, ulizia kiingilio cha kila poromoko kabla hujashuka, na udai risiti. Hapo utajua unalipa kituo chenyewe, siyo mtu aliyesimama njiani.