Mpango wa ardhi ukifika mtaani kwenu, uliza maji yatapita wapi

Ramani ya mpango wa matumizi ya ardhi ikibandikwa ofisi ya kata, wengi hutafuta kitu kimoja tu: kiwanja changu kimepakwa rangi gani? Ni swali la haki. Lakini kwa mkazi wa Rusimbi, au wa kata yoyote ya Manispaa ya Kigoma Ujiji, rangi iliyopakwa kule mlimani kwenye shamba la mtu mwingine inaweza kumgusa zaidi. Mvua ikinyesha kule, maji na udongo vinashuka huku.

Kupima athari hizo kabla mpango haujapitishwa ndiko kunakoitwa tathmini ya mazingira kimkakati. Wengi mnaifahamu ndugu yake, tathmini ya athari kwa mazingira, inayofanyika mtu akitaka kujenga kiwanda. Hiyo huangalia mradi mmoja. Ya kimkakati huangalia mpango mzima: mashamba, makazi, barabara na machimbo ya mchanga, vyote kwa pamoja. Imewekwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na kanuni zake zilitoka 2008. Nyumba kumi kwenye mteremko, kila moja ikipimwa peke yake, zinaweza kuonekana hazina neno. Zikifika elfu moja kwenye mteremko huohuo, mmejitengenezea korongo.

Mkoa wetu una mfano wa karibu. Gombe ni hifadhi ya taifa tangu 1968, lakini kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 vilima vingi vinavyoizunguka vilikuwa vimebaki vipara. Mwaka 1994 Taasisi ya Jane Goodall ilianzisha mradi wa TACARE, na baadaye vijiji vya ukanda huo, Mwamgongo na Mtanga vikiwemo, vikapanga ardhi yao kwa msaada wa picha za setilaiti. Miteremko mikali ikatengwa kuwa misitu ya vijiji. Miti ya miombo huchipua yenyewe kwenye visiki ikiachwa, na kuna sehemu ilifanya hivyo. Ila tusidanganyane: kutenga mteremko ni kumwambia anayelima pale aache. Tathmini isiyosema huyo atalima wapi bado haijakamilika, na msitu huo hautadumu.

Udongo ukishafika ziwani, haupotei tu. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi, kwa hiyo ni rahisi kudhani litameza kila kitu. Lakini samaki wa aina nyingi huishi kwenye miamba ya kandokando, mwanga unakofika. Tope likifunika mawe, mwani wanaokula na maficho yao huharibika. Mradi wa bioanuwai wa nchi nne za ziwa hili, uliofanyika kati ya 1995 na 2000, uliutaja udongo unaoletwa na mito kuwa miongoni mwa vitisho vikubwa.

Halafu kuna mita 60. Sheria ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa au ukingo wa mto. Mita 60 kutoka wapi? Ziwa hili huhama. Livingstone na Stanley walipokutana Ujiji mwaka 1871 maji yalikuwa juu zaidi ya leo. Baadaye Mto Lukuga, upande wa Kongo, ukafunguka na ziwa likashuka kwa mita kadhaa. Ndiyo maana kumbukumbu yao leo iko mbali na maji. Miaka ya karibuni ziwa limepanda tena na kuingia kwenye mialo na nyumba za watu, Kibirizi ikiwemo. Mpango uliopima ufukwe mwaka wa maji madogo utagawa viwanja ambavyo ziwa litakuja kuvidai.

Swali jingine ni michikichi, ambayo serikali imeihimiza sana Kigoma tangu 2018. Sisi hatuna ugomvi na mawese. Tunachotaka kijulikane ni kama miche inakwenda kwenye mashamba ya zamani au kwenye msitu uliobaki, inakaribia vipi kingo za Mto Luiche, na maji machafu ya kukamulia yatamwagwa wapi.

Nafasi ya kuuliza ipo. Kijijini, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaoidhinisha mgawanyo wa ardhi, si mwenyekiti peke yake. Mjini, anzia kwa mwenyekiti wa mtaa na diwani, kisha afisa mipango miji na afisa mazingira wa manispaa. Omba kuona tathmini yenyewe. Sheria ya 2004 inampa kila mtu haki ya kupata taarifa za mazingira. Angalia kama imelinganisha njia zaidi ya moja, ikiwemo ya kuacha mambo yalivyo. Ukiambiwa ripoti ipo kwa Kiingereza tu, omba muhtasari wa Kiswahili usomwe mkutanoni, na maoni yako yaandikwe kwenye kumbukumbu za kikao kabla watu hawajatawanyika.